Mtu wa Pikapu Nyeupe

Shangazi Umi akipata habari mbaya haimkai tumboni. Zamani, kabla ya simu hizi, alikuwa akivaa buibui lake akaipeleka nyumba kwa nyumba, na huko njiani alikuwa akichoka, ama akakutana na mtu wa kumwambia, "Wee Umi, wacha uongo, mimi nilikuwepo." Siku hizi hachoki na hakutani na mtu. Anakaa kwenye mkeka wetu hapa Voi, miguu ameinyoosha, miwani iko puani, na kinachotembea ni kidole kimoja tu. Ni shangazi yake mume wangu Mansur, na amehamia kwetu tangu mama yake Mansur afariki.

Alhamisi hiyo nilikuwa jikoni nakuna nazi. Nikasikia simu yake ikipiga kelele, maana yeye sauti huipandisha hadi mwisho. Ni ujumbe wa sauti, mwanamke anahema, utadhani anakimbizwa.

"Wazazi wote wa Taita Taveta, tafadhalini, endeni mkachukue watoto wenu shuleni sasa hivi! Kuna mtu wa pikapu nyeupe, anawapa watoto vitu vitamu vya dawa, wanalala, anawabeba. Ameonekana huku milimani leo leo! Tuma kwa kila mzazi. Usipotuma na mtoto akapotea, damu yake iko juu yako."

"Salaale!" Shangazi akasema, na kidole kilishatoka mbio. Yule mwanamke hajamaliza kuhema, ujumbe umeshafika grupu la madrasa, grupu la akina mama wa sokoni, na grupu la harusi ya Hanif, ambayo harusi yenyewe ilikwisha zamani na bibi harusi ameshazaa.

"Shangazi, umesikiliza mpaka mwisho?"

"Nisikilize nini tena na watoto wanaibwa! Wewe mwanao yuko wapi?"

Hapo akanipata. Sumayya wangu ana miaka mitano, ndio kwanza ameanza shule, na mtu akimwambia njoo, yeye huyo anakwenda. Nazi nikaiacha juu ya mbuzi, nikajitupia mtandio, nikatoka mbio. Sikuona mbele wala nyuma.

Kwenye geti la shule nikakuta akina mama wamejaa, wengine na aproni zao za hotelini, wengine wameacha biashara wazi. Sauti ya yule mwanamke ilikuwa ikitoka kwenye simu za watu wengi kwa pamoja, moja iko mwanzo, nyingine katikati, nyingine ndio inasema damu iko juu yako. Mlinzi maskini anasukumwa huku na huku. Watoto wanatolewa mmoja mmoja, na kila mtoto akitoka mama yake anamkumbatia na kulia kana kwamba kafufuka.

"Huyo mtu akishikwa asipelekwe polisi," akasema mama mmoja. "Polisi watamwachilia tu. Huyo ni wa kuvishwa tairi achomwe."

"Kabisa," nikasema mimi. Wallahi nilisema.

Nilikuwa nimeshamshika Sumayya mkono pale Mutindi alipokuja. Mutindi ana mtoto darasa moja na wangu. Akasema picha imeingia, na akaninyoshea simu yake.

Mwanamume amepigwa picha kwa nyuma. Amevaa kanzu na kofia ya viua. Ameinama mbele ya watoto wenye sweta za shule, ukungu wa mlimani uko nyuma yao, na pembeni unaonekana ubavu wa pikapu nyeupe. Mkononi ana bakuli la plastiki la kifuniko kijani, limefungwa kwa kipande cha leso ya zambarau. Kile kifuniko kilipasuka mwezi uliopita. Leso ni yangu. Ni mimi niliyeifunga asubuhi ile ile.

"Unamjua huyu, Mama Sumayya?" Mutindi akaniuliza. "Naona umeshtuka."

"Simjui," nikasema. "Nimeogopa tu."

Nikamkana mume wangu mchana kweupe, na mwanawe nimemshika mkono.

Sikilizeni, niwaeleze kilichokuwa kwenye bakuli lile: ni halua. Mama mkwe wangu alifariki siku kama hiyo, na kila mwaka siku hiyo ikifika Mansur humtolea sadaka. Hununua halua, akasimama nje ya msikiti baada ya sala, akawagawia watoto wanaopita. Kwetu mtoto akimwona mtu wa kanzu na bakuli haulizi jina. Anakimbia, ananyosha mkono, anakula, anasema Mungu amrehemu, anaramba vidole na kurudi kwenye foleni mara ya pili akijifanya mwingine. Mwaka huu siku iliangukia Alhamisi, na Alhamisi Mansur hupanda Mghange, huko milimani, kuchukua kabichi za duka letu. Nilimwambia aingoje Ijumaa. Akasema, "Siku yake ni leo, Firdaus. Na watoto ni watoto, wa huku na wa kule."

 Yalikuwa ni mapenzi yake kwa mama yake. Lakini huko milimani halua si kitu cha kila siku. Ile rangi yake nyekundu, na jinsi inavyotikisika, mtu asiyeizoea anaweza kudhani ni sabuni iliyorowa. Na mtu wa kuja, anasimamisha gari njiani karibu na shule, anawaita watoto wasio wake na kuwapa kwa mkono. Sisi twaona sadaka, mwenzako aona kitu kingine, na aliyekuwa na simu hakuuliza. Alipiga picha akatuma.

Nikampigia Mansur. Mteja hapatikani. Nikampigia tena, hapatikani. Nikambeba Sumayya mgongoni, mtoto mzito yule, nikarudi nyumbani mbio huku napiga na kupiga. Huko milimani kuna mtu mmoja tu ninayemjua wa kumwamini, Jedidah, Mama Abby, aliyetuuzia mboga kabla ya wengine wote. Yeye na mimi tulijuana zaidi kwenye kliniki ya sukari hapa Voi, mimi nikimleta Shangazi, yeye akija kwa yake. Simu yake ni mulika mwizi, ya kupiga na kupokea basi. Nadhani siku hiyo katika Mghange nzima ndiye peke yake aliyekuwa hajasikia habari ya pikapu nyeupe.

"Baba Sumayya? Si amepita hapa sasa hivi," akaniambia. "Ameenda kwa Thadeus kupakia kabichi. Kwani kuna nini?"

Nikamwambia. Nililia zaidi kuliko nilivyosema, lakini alinielewa.  Kabla hajajibu nikasikia filimbi kwa mbali, halafu nyingine, na watu wakiitana kutoka huku na huku.

"Mungu wangu," Jedidah akasema. "Wanaenda kwa Thadeus."

Hakukata simu. Nafikiri aliitia kifuani akaanza kukimbia, maana nilisikia pumzi zake, ndala zake, mbuzi wa mtu, lango likibamizwa. Mimi niliketi chini sebuleni, simu nimeibana sikioni, Shangazi ananitazama. Nikaiweka ile sauti wazi ili naye asikie. Nilitaka asikie.

Kwanza zikaja kelele tupu. Halafu kioo kikavunjika. Halafu sauti ya mwanamume, karibu sana, analia kwa hasira.

"Mtoto wangu amekula hiyo kitu, sasa analala hata ukimtingisha haamki! Mtoto wangu halalangi mchana!"

"Thadeus!" Jedidah akapiga kelele. "Thadeus, wewe unajua huyu mtu! Anachukua kabichi kwako miaka yote. Amekula ugali kwako. Leo humjui?"

"Namjua," Thadeus akasema. "Lakini iko kwa simu! Si hata Voi wameituma? Huko kwao wenyewe wanasema ni yeye!"

Shangazi alikuwa ameshika kinywa kwa mikono miwili. Grupu la akina mama wa sokoni, nusu yake ni wauzaji wa kutoka milimani. Hakuna aliyehitaji kumweleza.

Nikasikia mtu akiuliza iko wapi ile jerikeni. Alisema kawaida tu, kama anayeuliza chumvi. 

"Hiyo kitu iko wapi?" Jedidah akauliza. "Lete hapa. Mnasema inalalisha watu, sio? Mimi naikula hapa hapa mbele yenu. Nikilala, fanyeni mnachotaka. Nisipolala, kila mtu aende kwake."

"Mama Abby, usile!" nikapiga kelele kwenye simu. "Una sukari! Mama Abby!" Simu ilikuwa kifuani kwake. Hakunisikia.

Lakini Mansur naye aliujua ugonjwa wake. Na ndipo nikaisikia sauti yake kwa mara ya kwanza, imekauka, imekuwa ndogo, sikuwahi kuisikia namna ile tangu anioe. "Wacha, Mama Abby. Usile hiyo. Tafadhali."

"Mnasikia!" watu wakalipuka. "Anamkataza! Anajua ina dawa!"

Yarabi. Hata huruma yake wakaifanya ushahidi.

"Nyamazeni," Jedidah akasema. "Nakula."

Kukawa kimya. Nawaambia, sijawahi kusikia kimya kama kile, umati mzima unamtazama mwanamke mmoja anatafuna. Kisha wakaanza kungoja alale. Na Jedidah, aliyekaa sijui juu ya jiwe ama juu ya kabichi, akaanza kuwasema mmoja mmoja ili wajue yu macho. Wewe wa kofia nyekundu, mama yako alipofiwa nani alimpikia? Wewe na hilo jiwe, si ulisimama mbele kanisani Jumapili ukatoa ushuhuda? Wewe wa jerikeni, hiyo petroli ni ya pikipiki ya ndugu yako, umemwomba? Kuna aliyecheka kidogo. Mwingine akamkemea aliyecheka.

Halafu sauti yake ikaanza kuwa nzito. "Nipeni maji," akasema. "Nina kiu."

Umati ukanguruma. "Anaanza! Dawa inamshika!"

Simu ikakatika. Nikapiga, hapatikani. Mtandao wa huko juu ukungu ukishuka huwa ni bahati. Nikapiga mpaka kidole kikaniuma. Polisi nilishawapigia, wakasema wanatafuta gari. Nikakaa na ile kiu ya Jedidah masikioni. Akianguka yeye, mume wangu wanamchoma, na mimi niko hapa chini na simu ya bei yote hii na siwezi kufanya lolote.

Shangazi akaichukua simu yake. Akairekodi sauti yake. "Jamani, huyo si mwizi, ni mwanangu Mansur, ni sadaka ya marehemu mama yake, msimguse, nawaomba, msimguse." Akaituma kote alikotuma ile ya kwanza. Tukaikodolea macho. Haikwenda popote. Mtu mmoja akaweka kidole gumba. Mwingine, binamu yake wa Mombasa, akamjibu kwa kumtumia ile ile sauti ya yule mwanamke anayehema, na chini yake akaandika: Umi, umesikia hii? Chungeni watoto huko.

Shangazi akaangua kilio. Sikumbembeleza. Nilikuwa na hasira naye, na mpaka leo bado ninayo.

Pikapu iliingia uani adhana ya magharibi ikiadhiniwa. Kioo cha mbele kimepasuka chote, kioo cha pembeni hakipo, na nyuma kabichi zimepangwa vizuri zimefungwa na kamba. Mansur akashuka taratibu. Hana kofia, sikio linavuja damu. Sumayya akamkimbilia, akamkumbatia miguu, na yeye akasimama tu mikono inaning'inia.

Alinisimulia baadaye, mara moja, na hajarudia. Jedidah alikunywa maji na hakuanguka. Walipokuwa wanamkodolea, yule mtoto wa Thadeus akatokea nyumbani anapangusa macho. Siku hiyo shuleni walikuwa na mashindano ya mbio, alichoka akalala, basi. Akapita katikati ya miguu ya watu, akamwangalia Mansur, akauliza, "Ile kitu tamu imebaki?"

"Wakacheka, Firdaus," Mansur akaniambia. "Wale wale. Walitupa mawe chini wakacheka. Mmoja akanipangusa vumbi kwenye kanzu. Na Thadeus akanipakia kabichi mwenyewe, akaongeza nyingine za bure."

Hilo ndilo lililomtisha zaidi, nadhani. Si mawe. Ni kwamba ilikwisha upesi vile, kwa sababu mtoto aliamka. Na kama asingeamka?

Jedidah alilazwa jioni ile ile, sukari ilikuwa imepanda vibaya. Ametoka, yu hai, alhamdulillahi, ingawa anasema miguu bado inamwaka moto. Nilipompigia kumshukuru akasema, "Halua yenyewe ni tamu, Mama Sumayya. Lakini si tamu kiasi cha kuifia." Akacheka peke yake. Mimi sikuweza.

Mngedhani yamekwisha. Shangazi aliapa kwamba ile picha, iliyomfikia naye kwenye magrupu, ameifuta, na ni kweli ameifuta, kwenye simu yake. Wiki mbili baadaye ikaja kutoka Taveta: mtu huyu ameonekana Bomeni. Ikaja kutoka Kasigau: mtu huyu anazunguka vijijini, muwe macho. Kanzu ile ile, bakuli lile lile, leso yangu ile ile ya zambarau. Sauti nayo imebadilika, sasa ni mwanamume anayesema kwa utulivu, na huyo anatisha zaidi. Halafu siku moja nikiwa dukani, Mutindi akaja kununua nyanya, akaniambia safari hii inasemekana yuko hapa hapa Voi. Akanitazama zaidi kidogo kuliko ilivyo kawaida yake. Akachukua nyanya zake akaenda.

Mansur aliipeleka pikapu ikapakwa rangi ya bluu. Kofia aliacha kuvaa, kanzu anavaa msikitini tu na kuivua huko huko. Watoto wa mtaa, waliozoea kumpokea na kelele za Ami Mansur, Ami Mansur, akawa anawaitikia kwa kichwa, mikono iko mfukoni. Nikimwambia hii siyo namna ya kuishi, ananiambia, "Wewe hukuwa pale." Nilikuwepo, kwenye simu. Lakini ninajua anachosema.

Juzi Jumamosi tulikwenda sokoni sote watatu. Mimi nilisimama kwa muuza vitambaa, wao wakatangulia. Sumayya akaona baluni, akaitaka. Baba yake akamwambia baadaye. Mnawajua watoto. Akajitupa chini, akapiga kelele, akampiga baba yake mateke, anasema sikutaki, niache, niache. Mansur akamshika mkono kumnyanyua, na pikapu iko pale pale, mlango u wazi.

Nilisikia kilio cha mwanangu nikageuka. Watu walikuwa wamesimama. Mwanamke mmoja ameweka kapu lake chini. Kijana wa mihogo ameacha kukata. Na nikaiona simu ikiinuliwa, halafu ya pili, halafu sikuhesabu tena. Hakuna aliyeuliza kitu. Nikaanza kukimbia, nasukuma watu, napiga kelele, "Ni babake! Jamani, ni babake!"

Mansur alikuwa ameshaziona. Akamwachia mtoto mkono. Akarudi nyuma hatua kwa hatua mpaka mgongo ukagusa gari, mikono yote miwili ameiinua juu, viganja vimeelekea watu, kama mtu anayeelekezewa bunduki.

Sumayya akanyamaza ghafla. Akainuka, akapangusa pua, akamwendea baba yake amenyosha mikono abebwe, maana alikuwa ameogopa sasa.

"Usinishike," Mansur akamwambia mwanawe, na machozi yanamtoka. "Kaa hapo hapo, mama. Mngoje mama yako."